Kelele Hii ni ya Nani?

Baba alikuwa fundi redio Tanga mjini, mtaa wa Ngamiani, Barabara ya 12, na kwake neno "kelele" halikuwa jibu. Mteja anaingia na redio kwapani, anasema, "Fundi, inapiga kelele." Baba anauliza: kelele gani? Inavuma, inakwaruza, inapiga mluzi, au inakohoa? Akishaiwasha anaegemeza sikio kwenye spika, macho kafumba, na mara nyingi alikuwa ameshaujua ugonjwa kabla hajashika bisibisi. Mvumo mnene usiopanda wala kushuka, kapasita imekauka. Mkwaruzo unaotoka ukigusa kitasa cha sauti, vumbi hilo.

Kulikuwa na mwalimu mmoja wa Chumbageni aliyerudisha redio yake mara tatu. Dukani kwetu inaimba vizuri, kwake inakwaruza. Mara ya tatu baba hata hakuifungua. Alimwuliza: inakwaruza saa ngapi? Mwalimu akafikiri, akasema jioni, kama saa kumi na moja hivi hadi magharibi. Kila siku? Kila siku. Hata Ijumaa? Mwalimu akanyamaza. Ijumaa hapana. Baba akacheka, akamrudishia redio yake na pesa yake, akamwambia aangalie ukuta wa pili anakaa nani asiyefanya kazi Ijumaa. Alikuwepo fundi cherehani mwenye mota ya umeme inayotema cheche.

Nilikuwa na miaka 9, nimekaa chini ya meza nachambua skrubu. Nilichoondoka nacho siku ile ni kwamba mwenye kelele unaweza kumjua bila kumwona na bila kuisikia sauti yake mwenyewe, kwa saa zake tu. Mwaka jana nilipoanza kusoma habari za watu wanaotumia redio kutafuta miezi ya sayari zilizo kwenye nyota nyingine, nikajikuta niko chini ya meza ile ile.

Tuanze karibu, na sayari ya Mshtarii, yaani Jupita.

Mwaka 1955 Bernard Burke na Kenneth Franklin, watafiti wa Taasisi ya Carnegie ya Marekani, walikuwa na antena zao kondeni karibu na Seneca, jimbo la Maryland. Usifikirie dishi. Zilikuwa nguzo na nyaya zilizotandazwa shambani, mtu wa Tanga akiziona atadhani ni nyaya za kuanikia singa za mkonge. Walikuwa wakisikiliza kwenye megahezi 22.2, na walichokuwa wakikitafuta ni mabaki ya nyota yanayoitwa Nebula ya Kaa. Lakini kwenye karatasi za vipimo vyao kila mara kulikuwa na mchafuko wa kelele uliotokea, ukapita. Dhana yao ya kwanza ilikuwa ya kifundi kabisa: gari bovu. Kibarua wa shamba la jirani anarudi kwao usiku, plagi zinatema cheche, antena inadaka.

Ila kibarua hana kawaida ya kuwahi dakika 4 kila siku. Nyota ndizo zenye kawaida hiyo. Nyota uliyoiona ikichomoza leo saa mbili kamili usiku, kesho itachomoza saa mbili kasoro dakika 4, na kelele ile ilikuwa inakwenda kwa saa za nyota, si kwa saa za watu. Walipofuatilia zaidi wakaona pia kwamba inahama polepole katikati ya nyota, jambo ambalo nyota hazilifanyi, sayari ndizo hulifanya. Mahali pale palikuwa pa Mshtarii. Habari ilipofika Australia, Alexander Shain akafunua rekodi zake za mwaka 1950 na 1951, akaikuta Mshtarii imo humo, inanguruma, imehesabiwa miaka yote hiyo kuwa ni usumbufu wa kawaida. Mimi habari hii ya Shain huniuma kuliko ya wenzake kunifurahisha. Fikiria umekaa na sauti ya sayari kwenye kabati.

Mwaka 1964 ndipo likaja lile ninalolipenda zaidi. E. K. Bigg, naye wa Australia, alizipanga saa za vishindo vya Mshtarii, akaona havitokei ovyo. Vinategemea mahali ulipo mwezi mmoja wa sayari hiyo, Io, unaoizunguka Mshtarii kwa saa 42 na nusu. Io ikifika upande fulani wa sayari, kama tunavyoiona kutoka hapa, Mshtarii inalipuka kwa kelele. Ikipita, kelele inatulia. Ikifika upande wa pili, tena. Elewa vizuri: Io haisemi kitu. Anayelia ni Mshtarii. Lakini saa ya kulia imepangwa na Io.

Nilipomsimulia ami yangu jambo hili hakushangaa hata kidogo, na alikuwa na haki. Ami ni mvuvi mstaafu, ana kiunga cha minazi Mwambani, na maisha yake yote ameyapanga kwa kujaa na kupwa. Maji yanajaa leo saa nne asubuhi, kesho yatajaa saa tano kasoro, kesho kutwa yatasogea tena. Kila siku yanachelewa kama dakika 50. Jua halichelewi hivyo. Mwezi ndio unaochelewa hivyo. Mfungie mtu chumbani Mwambani tangu azaliwe, madirisha umeyaziba, mpe saa ya ukutani na masikio yake tu. Akisikiliza bahari kwa mwezi mmoja, akaandika, atakwambia: huko nje kuna kitu kinatuzunguka. Na zile siku za bamvua na za maji mafu zitamfanya akwambie na kingine, kwamba vitu ni viwili, kimoja kinamwunga mkono mwenzake na mara nyingine kinamvuta nyuma. Mwezi na Jua atakuwa amevipata vyote viwili bila kufungua dirisha.

Wanaotafuta miezi ya mbali kwa redio wanajaribu kuwa mtu yule wa chumbani.

Sasa, Io inafanyaje mpaka Mshtarii ilie? Kwa sisi tuliokulia kwenye baiskeli hili si gumu. Kuna ile dainamo ya kubana kwenye tairi. Tairi linazungusha kichwa, ndani sumaku inazunguka karibu na koili ya waya, taa inawaka, na ukipanda kilima miguu inakwambia kwamba mwanga haukuja bure. Kanuni ni kwamba sumaku ikipita kwenye kitu kinachopitisha umeme, umeme unatembea. Mshtarii ni sumaku kubwa mno. Ndani yake haidrojeni imebanwa mpaka imekuwa kama chuma cha maji, inachuruzika na kuzunguka, na uga wa sumaku unatokea humo. Sayari yote inajizungusha mara moja kwa muda usiofika saa 10, na uga wake unazunguka nayo. Io, yenyewe, inakwenda taratibu. Kwa hiyo uga wa Mshtarii unaipita Io kwa nyuma kwa kasi ya kilometa 57 hivi kwa sekunde, kila sekunde, bila likizo.

Na Io si jiwe kavu. Ina volkano, chombo cha Voyager 1 kilizipiga picha zikitapika mwaka 1979. Karibu tani moja ya gesi inaponyoka kutoka Io kila sekunde, inachajiwa umeme, na inatanda kuizunguka Mshtarii kama ngata kichwani. Io yenyewe ina tabaka la gesi iliyochajiwa, basi inapitisha umeme kama koili. Mkondo wa ampea milioni kadhaa unateremka kwenye mistari ya sumaku mpaka karibu na ncha za Mshtarii, elektroni zinajizungusha kwenye mistari hiyo kama mtu anayeshuka mnazi kwa kuuzunguka, na huko chini, sumaku inapokuwa kali, zinatoa mawimbi ya redio.

Hapa kuna hesabu moja ndogo, na ningeomba usiiruke. Elektroni inayozunguka kwenye uga wa sumaku hutoa mawimbi kwa masafa yanayofuata ukali wa uga: kila gausi 1, kipimo cha ukali huo, ni megahezi 2.8. Basi. Juu ya mawingu ya Mshtarii, upande wa kaskazini, pale mistari ya Io inapoteremkia, uga mkali kabisa ni kama gausi 14. Zidisha, unapata megahezi 39 na kitu. Na kweli, kelele za Mshtarii zinakatika ghafla kwenye megahezi 40. Juu ya hapo, kimya. Ukiisikiliza sayari ukajua inakatikia wapi, umeshaipima sumaku yake, na hujaondoka kwenye kiti. Marudio ya kelele nayo yanakwambia sayari inajizungusha kwa muda gani. Mshtarii haina ardhi ya kuwekea alama, mawingu yake yanakimbizana kila mkanda kwa mwendo wake, kwa hiyo siku yake rasmi, saa 9 dakika 55 na sekunde 29.7, tumeipata kwa redio.

Jambo jingine, mawimbi haya hayamwagiki pande zote. Yanatoka kwa umbo la kawa, lile la kufunikia chakula, na ndani ya kawa hakuna kitu. Mawimbi yanakwenda kwenye ukindu wake tu, yaani kwenye ukuta mwembamba wa unene wa nyuzi 1 au 2 za pembe. Kadiri Io inavyozunguka, kawa nalo linazunguka, na sisi tunasikia pale tu ukuta wake unapotupitia. Ndiyo maana Bigg alikuta pande mbili za Io zenye kelele: ukuta wa kwanza, halafu ukuta wa pili.

Haya ni ya jirani. Kwa majirani wa mbali kazi imekuwa ngumu.

Sayari za kwanza nje ya mfumo wetu wa Jua, kwa taarifa yako, zilipatikana kwa redio. Mwaka 1992 Aleksander Wolszczan na Dale Frail walitangaza sayari zinazoizunguka pulsa moja, mzoga wa nyota unaopiga kama saa. Saa ile ilikuwa ikiwahi na kuchelewa kidogo, na kwenye kuchelewa kule walizisoma sayari. Mchezo ule ule wa mwalimu wa Chumbageni. Mwaka 1995 Michel Mayor na Didier Queloz wakaipata ya kwanza kwenye nyota inayofanana na Jua, 51 Pegasi, na leo zimepita 5,000. Lakini karibu zote tumezijua kwa kuitazama nyota, ikiyumba au ikififia sayari inapopita mbele yake. Sayari yenyewe haijatuambia kitu.

Redio inavutia kwa sababu hapo nyota haina ubavu wote. Kwa mwanga wa macho Jua linaizidi Mshtarii kama mara bilioni moja, huwezi kushindana nalo. Kwenye mawimbi marefu ya redio, Mshtarii ikichachamaa na Jua likiwa limetulia, Mshtarii inalishinda Jua. Kwa hiyo kuna dirisha ambamo sayari inaweza kusikika yenyewe, na ikisikika itakwambia ina sumaku, kitu ambacho njia nyingine zote zinakisia tu.

Shida ni umbali, na umbali hauna huruma. Mshtarii iko mbali nasi kama mara 5 ya umbali wa Jua. Nyota ya karibu kabisa baada ya Jua, Proxima Centauri, iko miaka-nuru 4.2, ambayo ni kama mara 265,000 ya umbali huo huo wa Jua. Gawa, unapata mara 53,000. Nguvu ya mawimbi inapungua kwa kipeo cha pili cha umbali, hivyo Mshtarii ikipelekwa kule itasikika dhaifu karibu mara bilioni 3. Ukitaka kuisikia ama uwe na sikio kubwa ajabu, ama upate sayari inayopiga kelele kuliko Mshtarii. Watu wanatafuta vyote viwili.

Halafu kuna dari. Kila aliyekulia na redio ya mawimbi mafupi anaijua dari hii hata kama hajui jina lake. Baba alikuwa akipata Sauti ya Ujerumani pale Ngamiani, waya kautupa juu ya mwembe, kwa sababu mawimbi yale yalikuwa yanagonga ionosfia, tabaka la hewa iliyochajiwa umeme huko juu, na kurudi chini. Dari inayoturudishia sauti za watu ndiyo inayozuia sauti za mbinguni zisiingie. Chini ya megahezi 10 hivi hakipiti kitu. Sayari yenye sumaku dhaifu kama yetu inalia chini ya hapo. Dunia nayo inalia, kwenye ncha zake, kwa mawimbi yaliyo chini ya megahezi 1. Vyombo vya angani vinaisikia vizuri, ila sisi wenyewe tulio chini ya dari hatuisikii redioni. Mwenye kutaka sayari ya mfano wa Dunia atalazimika kupeleka antena upande wa nyuma wa Mwezi, ambako kelele zetu hazifiki.

Kwa waliobaki chini, sikio linalotajwa sana ni LOFAR, maelfu ya antena fupi zilizotawanywa Uholanzi na nchi nyingine za Ulaya, zinazounganishwa na kompyuta. Mwaka 2021 Jake Turner na wenzake walichapisha kwamba wamenasa kitu kwenye megahezi 14 hadi 21 kutoka upande wa Tau Boötis, nyota iliyo umbali wa miaka-nuru 51 yenye sayari nene inayoizunguka kwa karibu sana. Nilisherehekea peke yangu. Baadaye walirudi tena na tena kusikiliza, LOFAR na ile NenuFAR ya Ufaransa, na sauti haikurudi. Wao wenyewe ndio waliosema haikurudi, na kwa hilo nawaheshimu. Redio inayokwaruza mara moja halafu basi, baba alikuwa akimwambia mteja ende nayo nyumbani, ikirudia ndipo alete.

Ya YZ Ceti ina mwelekeo mzuri zaidi. Ni nyota ndogo nyekundu, miaka-nuru 12 tu, na sayari yake ya ndani inaizunguka kwa siku 2. Mwaka 2023 Sebastian Pineda na Jackie Villadsen walieleza kwamba nyota hii inatoa vishindo vya redio, na vishindo vinaelekea kufuata mzunguko wa ile sayari. Nyota imechukua nafasi ya Mshtarii, sayari imechukua nafasi ya Io. Anayelia ni nyota, saa ni za sayari.

Na miezi? Mwaka 2014 Joaquín Noyola, Suman Satyal na Zdzislaw Musielak wa Chuo Kikuu cha Texas huko Arlington waliandika hesabu yenyewe: ukipata sayari nene yenye sumaku kali, na mwezi wenye tabaka la gesi unaopita ndani ya uga huo, kelele ya sayari itapanda na kushuka kwa muda wa mzunguko wa mwezi, kama ilivyo kwa Io. Walitaja hata mahali pa kuanzia, sayari za Epsilon Eridani na Gliese 876, ambazo kwa vipimo vya anga ni kama Chumbageni na Ngamiani. Mpaka naandika haya hakuna mwezi hata mmoja wa nje uliothibitishwa kwa njia yoyote ile, kwa redio wala kwa mwanga. Mimi binafsi naamini njia ya kivuli, ile ya nyota kufifia, itatangulia, kwa sababu darubini zake ziko tayari. Lakini moyo wangu uko kwenye kelele. Kivuli kitakuonyesha ukubwa wa mwezi. Kelele itakwambia kama mwezi una gesi, kama sayari ina sumaku, na kama hawa wawili wana uhusiano.

Antena za SKA, mradi wa mataifa mengi wa darubini kubwa ya redio, zinajengwa sasa, Afrika Kusini na Australia. Kenya na Msumbiji, jirani zetu wa juu na wa chini, zimo kwenye nchi za Afrika zinazoshirikiana na mradi. Sisi hatumo. Nayasema haya na kupita.

Basi mimi nikaamua kuanza na iliyo karibu. Kuisikia Mshtarii hakuhitaji mradi. Unahitaji redio ya mawimbi mafupi inayofika juu ya megahezi 20, waya, na uvumilivu. Kwa megahezi 20.1 wimbi lina urefu wa karibu mita 15, na antena ya kawaida ni nusu yake: vipande viwili vya waya vya mita 3 na nusu kila kimoja, katikati unaunganisha waya wa dishi unaoteremka kwenye redio. Nilichomelea kiungo kile kwa pasi ya marehemu baba. Mpini wake umeungua upande mmoja, pale alipoisahau juu ya betri siku aliyozaliwa mdogo wangu.

Usiku wa kwanza nilipanda juu ya paa Ngamiani. Nilisikia kila kitu isipokuwa mbingu. Taa za LED za jirani zilikuwa zinazomea kama nyoka, chaja za simu zinapiga tikitiki, inveta ya duka la chini inavuma kwa sauti moja nene mpaka alfajiri. Nilijaribu kuzitaja moja moja, nikafika kumi na moja, nikachoka. Mji umejaa mafundi cherehani.

Oktoba nikaenda Mwambani.

"Shikamoo ami."

"Marahaba mwanangu. Umekuja na kamba zako."

"Ni antena, ami."

"Nimeona. Sasa mtoto wa kike, unafunga nyaya kwenye minazi usiku wa manane, majirani watasema nafuga wanga."

Alinishikia ngazi hata hivyo. Nyaya zilikaa kati ya minazi miwili, juu kuliko kichwa cha mtu aliyenyoosha mkono. Usiku wa kwanza pale kulikuwa na mvumo, nikazunguka na redio mkononi mpaka nikaupata: ni kile kidude cha sola anachochajia simu. Tukakizima. Usiku wa pili radi za mbali, pengine bara, zinapasuka kwa vipande vifupi vikavu. Hizo unazijua haraka, hazina mkia.

Usiku wa tatu ulikuwa wa kuamkia Alhamisi. Mshtarii ilikuwa imechomoza baada ya saa sita, na mwezi nusu umesimama si mbali nayo. Nilikuwa nimeshapiga hesabu ya Io na nikajua iko upande unaotakiwa. Ami alikuwa amelala kwenye mkeka barazani, au nilidhani amelala. Saa tisa na dakika 20 mkwaruzo wa kawaida kwenye visikizi ukaanza kunenepa. Haukuja kwa kishindo. Ulikuja kama pumzi: shaaa, ukapanda, ukakaa sekunde mbili tatu, ukateremka. Kisha mwingine. Kisha kimya, nikasema basi, kisha mitatu ikaongozana, mmoja juu ya mgongo wa mwenzake.

Wanaoijua Mshtarii wanasema kelele zake za aina hii zinafanana na mawimbi yanayovunjika ufukweni. Na mimi nimekwenda kuisikiliza ufukweni. Nilicheka kwa hasira. Nikavua visikizi nisikilize bahari yenyewe: ilikuwa siku ya maji mafu, tena yamepwa, hapakuwa na hata kunong'ona. Nikavaa tena. Shaaa. Nikachomeka simu kwenye tundu la redio kwa waya, nikarekodi. Dakika 11, kisha ikaisha kama mtu aliyefunga mlango taratibu.

"Ndiyo hiyo?" ami akauliza kutoka kwenye mkeka.

Nikampa visikizi, nikamrudishia rekodi. Alisikiliza yote, dakika 11 nzima, bila kusema.

"Hii bahari," akasema.

"Si bahari, ami. Waya hausikii bahari. Na bahari sasa hivi imelala."

"Najua imelala." Akafikiri. "Itarudi lini?"

Nikamweleza kwamba Io ina saa zake 42 na nusu, lakini ikirudi kesho usiku Mshtarii itakuwa bado haijachomoza kwetu, na ikirudi mara nyingine itakuwa mchana. Mizunguko minne ndiyo inaangukia vizuri: siku 7 na kama saa 2 pungufu kidogo. Alhamisi ijayo, saa kumi na moja na dakika 10 alfajiri. Ikirudi saa hizo, nitaanza kuamini. Isiporudi, ni Tau Boötis yangu.

Ami alihesabu kwa vidole, lakini hakuwa anahesabu Io.

"Alhamisi ijayo bamvua," akasema. "Alfajiri hiyo maji yatakuwa yamefika hapa chini ya minazi, yanapiga kelele kuliko hiyo yako."

"Waya hausikii, ami."

"Wewe je?"

Nikaanza kufungua fundo la kwanza. Akanizuia mkono.

"Ziache huko huko juu. Nitawaambia ni za kuanikia."